Ngamia wa kijivu, twiga mweupe na orodha ya mababu

Mtoto wa Kisomali anayekulia Garissa huenda akalijua jina la babu wa babu yake kabla hajajua kuliandika lake mwenyewe. Jioni, mbuzi wakishaingia zizini, au kwa waliohamia mjini chai ya maziwa ikishamiminwa, bibi humtaka aanze: jina lako, la babako, la baba wa babako, endelea. Akikwama kwenye jina la tisa hurudishwa mwanzo. Akifika la ishirini bila kusita, wageni waliopo hutikisa vichwa kwa kuridhika. Orodha hiyo huitwa abtirsi, na majina yote yaliyomo ni ya wanaume.

Mtu wa mbali anaweza kudhani ni mchezo wa kunoa kumbukumbu. Huko Kaskazini Mashariki mwa Kenya orodha hiyo ndiyo inayoamua nani atakuchangia siku ukimwua mtu kwa gari. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, walilokubaliana wazee wa Garissa, Wajir na wilaya jirani, liliweka fidia ya ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Mzigo kama huo haubebwi na mkosaji peke yake. Hugawanywa kwa wote wanaokutana naye kwenye babu fulani wa orodha. Serikali nayo iliitumia. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali waliamriwa wajitokeze kupigwa msasa, ukoo wa kila mmoja ukachunguzwa, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi. Msasa wa namna yake kwa wanaotafuta kitambulisho uliendelea mpaka Februari 2025, Rais Ruto alipotangaza akiwa Kaskazini Mashariki kwamba umefutwa. Na kabla ya hayo yote kulikuwa na Wagalla. Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume katika uwanja wa ndege nje ya mji wa Wajir, na kigezo kilikuwa ukoo: Degodia. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika mwaka 2013 kwamba waliokufa walikaribia 1,000.

Kwa hiyo swali la "wewe ni wa nani?" si la falsafa tupu mahali hapa. Lina ngamia ndani yake, lina karatasi za serikali, na lina makaburi.

Mtoto yuleyule, akifika kidato cha tatu, hufunguliwa kitabu cha biolojia kwenye mada ya uzazi, na mada hiyo huanza na mgawanyiko wa seli. Hapo ni ikiwa shule ina mwalimu wa kuifungua. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe katika kaunti ya Garissa, Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera, na shule nyingi zikabaki na kitabu bila mtu wa kukieleza. Tuseme mwalimu yupo. Atachora ubaoni duara, ndani yake vijiti vichache vya rangi mbili, na kuanza kueleza meiosisi.

Seli ya kawaida ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi moja ilitoka kwa baba na nyingine kwa mama. Seli ya ngozi ikigawanyika hutoa nakala mbili zenye 46 kila moja, na habari imeishia hapo. Seli inayoandaa yai au mbegu ya kiume hufuata njia nyingine. Hunakili kromosomu zake mara moja, kisha hugawanyika mara mbili, na mwishowe kila gameti, yaani yai au mbegu, hubaki na 23. Hesabu ni nyepesi kuielewa: pasingekuwa na kupunguza, mtoto angekuwa na 92, mjukuu 184, na kadhalika.

Wengi waliosoma hili shuleni wanakumbuka kupunguza na wamesahau kinachotangulia, nacho ndicho kiini cha jambo. Kabla ya kutengana, kromosomu iliyotoka kwa baba na mwenzake iliyotoka kwa mama hutafutana ndani ya kiini cha seli, zikalala ubavu kwa ubavu kwa urefu wake wote, na kushikana. Zikiwa zimeshikana hukatwa hapa na pale na kubadilishana vipande. Kwa mwanamume mabadilishano hayo hufikia takriban 26 katika kila mgawanyiko. Kwa mwanamke huwa mengi zaidi, karibu 40. Baada ya hapo jozi huachana, kila upande ukivutwa kwenye ncha moja ya seli, na hakuna jozi inayoangalia jirani yake imekwenda wapi. Jozi 23 zikijipanga kwa uhuru namna hiyo hutoa mipangilio 8,388,608, hata kabla ya kuhesabu vipande vilivyobadilishwa. Zidisha ya baba kwa ya mama, utapata zaidi ya trilioni 70.

Matokeo yake ni kwamba kromosomu anayompa mtu mwanawe si ile aliyopewa na baba yake, wala si ile aliyopewa na mama yake. Ni mpya, imeshonwa kwa vipande vya wote wawili, na haijawahi kuwepo duniani kabla ya hapo.

Waliogundua haya walianzia mahali pasipo na heshima yoyote: tumboni mwa farasi, kwa minyoo. Mwaka 1883 Édouard van Beneden, Mbelgiji wa chuo kikuu cha Liège, alichagua mnyoo wa farasi kwa sababu una kromosomu chache mno zinazohesabika kwa urahisi, akaona kwamba mbegu ya dume na yai la jike huleta idadi sawa. Miaka minne baadaye August Weismann wa Ujerumani alieleza kwa hoja kwamba lazima pawe na mgawanyiko wa kupunguza. Idadi sahihi ya kromosomu za binadamu ilichelewa mno: mpaka mwaka 1956 vitabu vilifundisha 48, ndipo Joe Hin Tjio na Albert Levan walipozihesabu upya huko Sweden wakapata 46. Anayetaka kuona fahari katika tarakimu hiyo afahamu kwamba ngamia ana 74, na pundamilia wa Grevy, yule mwenye mistari myembamba wa nyika za kaskazini mwa Kenya, ana 46 kama sisi.

Sasa turudi kwenye orodha, kwa hesabu. Mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, kisha wanane. Vizazi 10 nyuma ni nafasi 1,024. Vizazi 20 nyuma zimezidi milioni moja, ingawa mtu mmoja hujaza nafasi nyingi pale ndugu wanapooana. Katika hizo 1,024, abtirsi hutaja mmoja. Wengine 1,023, wakiwemo wanawake wote 512, hawatajwi. Meiosisi inaongeza jambo linaloshtua zaidi. Kromosomu hukatwa katika sehemu chache tu kila kizazi, kwa hiyo vipande havitoshi kumfikia kila babu. Ukirudi vizazi 10, takriban nusu ya watu hao 1,024 hawajakuachia hata kipande kimoja cha DNA. Ni mababu zako kweli, bila wao usingezaliwa, lakini mwilini mwako hawamo. Na anayetajwa kwenye orodha anaweza kuwa miongoni mwao.

Mtetezi wa abtirsi atasema: yupo. Na kwa wanaume atakuwa na hoja, kwa sababu kromosomu Y hukwepa karibu mchezo wote. Haina mwenza wa kufanana naye. Hubadilishana na X kwenye ncha tu, na sehemu kubwa iliyobaki hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana ikiwa nzima, isipokuwa kwa makosa madogo ya kunakili ambayo hurundikana polepole. Wasomi wa jenetiki huyasoma makosa hayo kama alama. Mwaka 2005 watafiti wa Copenhagen walichapisha uchunguzi wa kromosomu Y za wanaume Wasomali 201. Asilimia 77.6 walikuwa na tawi lilelile, lililoitwa wakati huo E3b1, na asilimia 10.4 walikuwa na tawi jingine, K2. Watu wachache duniani wana ufanano mkubwa kiasi hicho katika mstari wa kiume. Mtu akisikia hivyo anaweza kushawishika kusema kwamba wazee wa Garissa walikuwa wakisoma Y kwa mdomo miaka yote hii.

Jambo hilohilo lina ubavu wa pili usiozungumzwa sana barazani. Koo za Darod, zikiwemo za Ogaden zinazokaa Garissa, hupandisha orodha yao hadi kwa Sheikh Abdirahman bin Ismail Jabarti, mgeni kutoka Arabuni aliyemwoa, kwa mujibu wa masimulizi, binti wa Dir. Tawi la Y lililopatikana kwa wengi katika uchunguzi wa Copenhagen lina mizizi upande huu wa bahari. Kuna wanaokasirika wakiambiwa hivyo na kuna wanaofurahi kupita kiasi, na wote wawili wanakosea. I. M. Lewis, aliyeandika kwa kina juu ya nasaba za Wasomali katika kitabu chake cha mwaka 1961, alikwisha kuona kwamba vizazi vya juu vya orodha hizo hueleza uhusiano na Uislamu zaidi kuliko safari ya mtu mmoja.

Hata hivyo hoja ya Y huanguka mahali rahisi zaidi, bila maabara yoyote. Huanguka kwa dada. Binti wa Garissa hutaja orodha ileile anayotaja kaka yake, jina kwa jina, na hakuna mzee anayemwambia kwamba orodha yake ina upungufu. Akiuawa, fidia yake, ingawa ni nusu, hufuata orodha hiyo. Lakini Y hana, hana hata chembe. Kama nasaba ingekuwa kitu kinachosafiri ndani ya mbegu, basi wanawake wote wa Kaskazini Mashariki wangekuwa watu wasio na ukoo, na hakuna anayeamini hivyo. Wazee wenyewe, bila kukusudia, wamekiri kwamba kinachorithishwa si dutu.

Ushahidi wa pili uko katika historia ya malisho. Kaskazini mwa Kenya palikuwa na desturi ya sheegat: kundi dogo, likihamia nchi ya ukoo wenye nguvu, huomba hifadhi, huahidi kusaidiana katika diya, yaani fidia ya damu, na katika vita, na polepole hujitaja kwa jina la wenyeji. Degodia walioingia Wajir mwanzoni mwa karne ya 20 waliishi hivyo chini ya Ajuran kabla ya mambo kugeuka na kuwa uhasama. Günther Schlee, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu Gabbra, Rendille, Garre na majirani zao, alionyesha jinsi ukoo mmoja unavyoweza kukutwa ndani ya makabila mawili au matatu. Nasaba iliweza kuingiwa. Mlango wake ulikuwa ahadi na maji ya kisima.

Dini ya watu wa huko ina neno lake katika hili, na si lile ambalo wahubiri wa kwenye simu hupenda kulitanguliza. Kuna mtindo, uliokolea tangu Maurice Bucaille alipochapisha kitabu chake Ufaransa mwaka 1976, wa kutafuta kila ugunduzi ndani ya Qur'ani. Sura ya 76 ikitaja tone lililochanganyika, basi meiosisi imekwisha kupatikana. Heshima hiyo ni ya mkopo: kitabu cha mwongozo hugeuzwa kitabu cha kidato cha tatu, na kitabu cha kidato cha tatu hubadilika kila miaka kadhaa, kama ilivyobadilika 48 kuwa 46. Linalovutia zaidi ni jinsi wanachuoni wa zamani walivyobishana juu ya uzazi. Aristotle alifundisha kwamba mwanamume hutoa umbo na mwanamke hutoa mali ghafi tu. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alishika upande wa pili akiwa na hadithi mkononi: wote wawili huchangia, la sivyo mtoto angefananaje na mama yake? Alifika hapo bila darubini, na alifika kwa kuchukua kwa uzito jambo ambalo kila mkunga analiona.

Kisha kuna hadithi ya ngamia, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo ingepaswa kufundishwa Garissa katika somo la biolojia na la dini kwa siku moja. Bedui alimjia Mtume akilalamika kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi. Hakusema wazi, lakini shaka yake ilieleweka. Mtume hakumjibu kwa hukumu. Alimuuliza kama ana ngamia. Anao. Rangi yao? Wekundu. Hakuna wa kijivu kati yao? Wapo. Huyo wa kijivu alitoka wapi? Bedui, ambaye alijua mifugo kuliko alivyojua kudhibiti hasira, alijibu kwamba huenda ni asili ya mbali iliyomvuta. Basi huenda na mwanao ni hivyo, akaambiwa, wala hakuruhusiwa kumkana.

Kila mfugaji wa Ijara au Lagdera anaielewa hoja hiyo papo hapo. Jeni huweza kupita vizazi kadhaa bila kuonekana, ikiwa moja tu katika jozi, ikifunikwa na mwenzake. Meiosisi huitenganisha na mfuniko huo kila inapotengeneza gameti, na siku gameti mbili zenye jeni hiyo zinapokutana, rangi iliyosahaulika hujitokeza zizini. Mwaka 2018 watafiti walihusisha weupe wa ngamia na jeni iitwayo MC1R, na weusi wake na nyingine iitwayo ASIP. Bedui aliita asili iliyovuta, na kwa kiwango cha uchunguzi wake alikuwa sahihi.

Garissa yenyewe ilipewa mfano mbele ya macho ya dunia. Mwaka 2017 zilisambaa picha za twiga mweupe na mwanawe mweupe katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, Ijara. Hawakuwa zeruzeru, macho yao yalikuwa meusi na ngozi ndiyo iliyokosa rangi. Jike huyo alizaa tena. Kama weupe huo ni wa jeni inayofichika, basi yai lake lolote lilikuwa nao, na aliyeleta nusu ya pili ni dume wa madoadoa ya kawaida aliyeubeba bila ishara yoyote mwilini. Machi 2020 walinzi wa hifadhi walikuta mifupa ya mama na ndama wake mdogo, wameuawa na majangili. Alibaki mwanawe wa kiume peke yake, na Novemba mwaka huo akafungwa kifaa cha kufuatilia mienendo kwenye pembe. Katika hifadhi hiyohiyo kuna hirola, paa ambao porini hawafiki 500. Mwaka 2012 hirola 48 walizungushiwa uzio wa kuwalinda na wanyama wakali, na hapo meiosisi huonyesha kikomo chake: inaweza kuchanganya ilichopewa kwa namna trilioni nyingi, lakini haiwezi kuongeza babu ambaye hakuwepo.

Hapa swali la kadari huingia, na halikwepeki. Ikiwa kromosomu huenda ncha hii au ile bila kufuata lolote tunaloliona, je, mtu ni bahati nasibu? Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Tahafut al-Falasifa kwamba moto kugusa pamba na pamba kuungua ni mambo mawili, na kinachoyaunganisha ni mapenzi ya Mungu, wala si ulazima uliomo ndani ya moto. Sisi huona desturi tu. Kwa aliyelelewa katika mkondo huo wa Ash'ari, ambao ndio umewalea wanachuoni wengi wa Kishafii wa Pembe ya Afrika, meiosisi haiogopeshi hata kidogo. Ncha ya kushoto na ya kulia ziko mkononi mwa Yule aliyeshika moto.

Jibu hilo ni imara, ila linajibu swali jepesi. Mwanabiolojia akisema "kwa nasibu" hadai kwamba hakuna sababu. Nyuzi za protini zinazovuta kromosomu zina fizikia yake, na hukamata upande unaotokea kukaa karibu. Anachodai ni kwamba nyuzi hizo haziulizi kromosomu imebeba nini. Huvuta jeni ya selimundu kama zinavyovuta jeni salama. Swali gumu basi si nani anayeamua. Ni kwa nini uamuzi, kwa macho yetu, haujali.

Mahali swali hilo linapouma ni kwenye yai. Mbegu ya kiume hutengenezwa upya maisha yote tangu balehe, kwa mzunguko wa takriban miezi miwili na nusu. Yai halisubiri balehe. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni mwa mama yake, seli zake za mayai huanza meiosisi, hushikanisha jozi, hubadilishana vipande, kisha husimama. Husimama miaka 15, 25, 40, mpaka mwezi wa yai hilo ufike. Na mgawanyiko wa pili hukamilika tu likikutana na mbegu. Katika miaka hiyo protini zinazozishikilia kromosomu huchakaa, na jozi moja inaweza kushindwa kuachana. Jozi ya 21 ikishindwa, mtoto huzaliwa na hali ya Down, kama Jérôme Lejeune na wenzake walivyoonyesha Paris mwaka 1959. Kwa mama wa miaka 25 uwezekano ni kama mmoja kati ya 1,250. Kwa wa miaka 40 ni kama mmoja kati ya 100. Katika nyika ambako wanawake huendelea kuzaa mpaka mwili ukome, hesabu hiyo ina sura za watu.

Wanateolojia wa Basra walibishana juu ya hili zamani, kwa kisa cha ndugu watatu ambacho al-Ash'ari anasemekana kumtolea mwalimu wake al-Jubba'i: mmoja mwema, mmoja mwovu, mmoja aliyekufa mdogo, na mwalimu akatakiwa aonyeshe kwamba kila mmoja alipewa lililo bora kwake. Mwalimu alishindwa. Al-Ash'ari aliondoka na msimamo kwamba Mungu hapangiwi wajibu na akili zetu. Mama wa Bura au Balambala aliye na mtoto wa hali ya Down huambiwa na majirani kuwa ni mtihani, au ni jicho, au alikosa jambo fulani akiwa mjamzito. Kati ya hayo matatu, la kwanza ni imani na haligusi seli. La tatu ni uongo mtupu, na biolojia ina deni la kumwondolea: mara nyingi kilichotokea kilianza kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Vivyo hivyo kwa anayeachwa kwa kuzaa wasichana watupu. Kila yai lake lina X. Aliyeleta X au Y ni mwanamume, na hata yeye hakuchagua.

Hayo yangeishia barazani kama dola zisingeingilia. Februari 2008 maafisa wa Marekani walianza Nairobi kuwapima DNA wakimbizi wapatao 500, wengi Wasomali na Waethiopia, waliokuwa wakiomba kuungana na jamaa zao walioko Marekani. Miongoni mwa waliotegemea mpango huo wa kuunganisha familia walikuwa watu wa Dadaab, zile kambi za kaunti ya Garissa zilizofunguliwa kuanzia mwaka 1991. Upimaji ukapanuliwa hadi nchi nyingine sita za Afrika na watu kama 3,000. Familia ambazo madai yao yote ya damu yalithibitika hazikufika asilimia 20. Wengine walipatikana na jibu moja hasi au zaidi, au walikataa kupimwa, na wote hao wakawekwa fungu moja. Mpango ukasimamishwa mwaka huohuo, ukarudi Oktoba 2012 na sharti la DNA kwa mzazi na mtoto.

Udanganyifu ulikuwepo, na hakuna sababu ya kuuficha. Nafasi za safari ziliuzwa. Lakini ndani ya zile asilimia 80 na ushee walikuwemo pia watoto wa ndugu aliyekufa Kismayo, waliolelewa na ami yao tangu wakiwa wa kubebwa mgongoni. Sheria ya Kiislamu inamtambua mtoto huyo kwa usahihi kuliko fomu ya ubalozi: ulezi anao, nasaba anabaki nayo ya baba yake mzazi, na hakuna aliyedanganya. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu, cha "mwana". Tena, ukitoka kwa mzazi na mtoto, kipimo chenyewe huanza kulegea. Mtoto hupata nusu kamili kutoka kwa kila mzazi, lakini ndugu wa baba na mama mmoja hushirikiana nusu kwa wastani tu. Uchunguzi wa jozi 4,401 za ndugu uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta ushirika unaoanzia asilimia 37 hadi 62, kutegemea meiosisi ilivyoangukia.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi kwa upumbavu. Mwaka 2009 idara yake ya mipaka ilianza kujaribu kama DNA inaweza kuonyesha nani ni Msomali wa Somalia na nani ametoka Kenya. Wanajenetiki walipinga kwa sauti moja, na mradi ukaachwa mwaka 2011. Mpaka uliokuwa ukitafutwa ndani ya mate ya watu ulisogezwa mwaka 1925, Uingereza ilipowakabidhi Waitaliano nchi ya Jubaland, na hakuna gameti iliyopewa taarifa.

Mahakama za Kenya nazo zimeingia katika mgogoro huo kwa mlango wa mirathi. Kwa fiqhi, mtoto hufuata kitanda cha ndoa. Aliyezaliwa nje ya ndoa hamrithi baba, hata kama wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi iliyotoka pwani, kwamba watoto wa mwanamume Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa hawawezi kunyimwa urithi kwa sababu hiyo peke yake. Viongozi kadhaa wa Kiislamu waliupinga uamuzi huo, wengine wakautetea kwa jina la mtoto asiye na kosa. Kusikiliza hoja za pande zote mbili ni kugundua kwamba hawabishani juu ya nani alitoa kromosomu 23. Hilo wote wanalikubali. Wanabishana juu ya nani anawajibika kwa nani baada ya kromosomu kukutana, na kadhi wa Garissa atakayeletewa kesi ya namna hiyo atakuwa na kipimo cha DNA mezani kisichoweza kumwambia lolote juu ya jambo aliloombwa kuamua.